Shemeji Yangu Refa, Aliyechelewa Kubisha

Dada yangu, mke wa marehemu, ameniagiza nisome wasifu huu kwa upole na nisimtukane mtu. Anatusikiliza sasa hivi. Simu iko mkononi mwa Mama Chupa hapo mbele, kwa hiyo nitajitahidi. Nikishindwa mtanivumilia; marehemu mwenyewe alinivumilia miaka mingi, ingawa kwa shingo upande.

Marehemu, ambaye sote tulimzoea kwa jina la Refa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1981, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe muuza mkaa. Alizaliwa chini ya meza ya kazi ya baba yake. Siku hiyo askari walikuwa wanapigana mtaani na hakuna aliyethubutu kutoka kwenda kumwita mkunga. Risasi ilipita dirishani, ikapasua mtungi wa maji juu ya kichwa cha mama yake, na mama mpaka uzeeni alikuwa akisema mwanawe aliogeshwa kabla hajatoka vizuri. Kaka zake wawili walikufa katika vita hivyo hivyo. Mmoja alipigwa risasi, mwingine alipigwa mateke mpaka kufa na watu waliokuwa wanatafuta betri za redio. Refa akabaki peke yake na wazazi wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988. Hakuwa na akili za kutisha, lakini alikuwa mtoto wa kufuata utaratibu kupita kiasi. Darasa la tano alifanywa kiranja, na siku moja mwalimu alipouliza nani walipiga kelele, akawataja wenzake, halafu akajitaja na yeye. Alichapwa pamoja nao, na wakati wa mapumziko wenzake wakamchapa tena kwa kuwataja. Alifika kidato cha pili. Mwaka huo shule ilichomwa moto pamoja na mlinzi wake, na hakuna aliyejenga nyingine. Refa akarudi kwa baba yake, akakalia kigoda, akashika sindano na uzi.

Kwa kazi marehemu alikuwa fundi viatu, na kwa moyo alikuwa mwamuzi wa mpira. Alianza kuchezesha ligi ya mji wetu mwaka 2003. Ijumaa alikushonea viatu vya mpira kwa mkono wake, akakuuliza habari za nyumbani, akacheka na wewe. Jumamosi akakutoa uwanjani kwa viatu hivyo hivyo. Ukimlilia alikutazama tu. Ukimbishia alikupa kadi ya njano, na ukiendelea alikupa nyingine. Kwake kubishana na mwamuzi lilikuwa kosa kubwa kuliko kumpiga mtu ngwala, kwa sababu mwenye ngwala ameharibu mguu mmoja, na mbishi anaharibu mchezo wa watu wote.

Msaidizi wake uwanjani alikuwa pia mwenzake wa kibandani, kijana wa mkono wa kushoto tuliyemwita Kibendera. Nawaomba mlikumbuke jina hilo. Mwaka 2011, kwenye nusu fainali, Refa alikubali goli, na watu wakaingia uwanjani kushangilia. Akageuka, akaona kibendera kiko juu. Akamfuata mwenzake, wakanong'ona, akarudi akalifuta. Mawe yalinyesha. Moja lilimpasua sikio, na alama yake mliiona wote. Alipoulizwa kwa nini alihatarisha maisha kwa goli moja, alisema, "Mwenzangu alikuwa karibu kuliko mimi. Na mpira ulikuwa haujaanza tena." Hiyo ndiyo mara pekee ninayokumbuka alibadilisha uamuzi.

Sasa nije kwenye ndoa, ambako na mimi nahusika. Mwaka 2006 nilikuwa winga, na siku ya Jumamosi nilimgusa beki mmoja kwa kiwiko. Nasema nilimgusa. Refa akanipa kadi nyekundu. Jumapili asubuhi akaja nyumbani kwetu na mjomba wake, amevaa shati lililopigwa pasi, kuleta posa ya dada yangu.

Baba alimtazama sana. "Wewe ndiye uliyemtoa mwanangu jana?"

"Ndiyo, mzee."

"Na leo unataka binti yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Hukuona ungesubiri hata wiki moja?"

"Kosa lilikuwa la jana, mzee, na posa ni ya leo."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikatoka nje kwa hasira. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mtoto wa kiume mwaka 2012. Tangu siku ile ya posa mpaka juma lililopita mimi na shemeji tulibishana kuhusu kile kiwiko. Tulibishana harusini, msibani, na hata ndani ya lori wakati wa kukimbia. Yaani nilibishana peke yangu. Yeye alipiga tu mfuko wa shati, mahali pa kuwekea kadi.

Tarehe 21 Oktoba 2017 ilichezwa fainali. Wakati huo mji wetu ulikuwa mikononi mwa Kamanda na watu wake wenye bunduki, na mdogo wake Kamanda alikuwa mshambuliaji wa timu yao. Kipa alikuwa amelala chini, ameukumbatia mpira, na huyo mdogo mtu akamkanyaga taya kwa makusudi. Tulisikia taya likivunjika. Wenye bunduki walikuwa wamesimama pembeni mwa uwanja. Mimi nilikuwa benchi, nikasema kimoyomoyo, shemeji, leo angalia pembeni, leo jifanye kipofu. Akatoa nyekundu. Timu ya Kamanda ikafungwa goli moja bila.

Walimfuata kibandani jua halijazama. Walitaka Jumatatu asimame sokoni na kipaza sauti, aseme alihongwa na kadi ile haikuwa halali. Hilo tu. Angesema maneno hayo, leo angekuwa amekaa kwenye kigoda chake. Refa akasema kadi ilikuwa halali. Wakauweka mguu wake wa kulia juu ya chuma chake mwenyewe cha kugongelea soli, wakachukua nyundo yake mwenyewe, wakampiga muundi mpaka mfupa ukatokeza nje. Wakamuuliza tena. Akasema kadi ilikuwa halali. Basi wakamgeukia Kibendera. Walimfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya katikati, wakammwagia gundi ya viatu na petroli, wakamwambia Refa achague. Na Kibendera, Mungu amlaze pema, alisema kabla hajaulizwa, "Hata mimi niliona."

Wakawasha, wakafunga mlango kwa nje.

Mimi na dada tuliona moshi, tukakimbia, tukavunja mbao za nyuma kwa shoka. Refa tulimpata karibu na ukuta, akijivuta kwa viwiko kurudi kwenye moto, kumfuata mwenzake. Tulimvuta kwa nguvu huku akitupiga. Kwa Kibendera hatukufika. Mnyororo ulikuwa mwekundu. Alikuwa bado anapiga kelele tulipotoka, na sitaki kusema zaidi, kwa sababu mama yake yuko hai na maneno husafiri.

Tulikimbilia ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yetu, dada na watoto na mimi, na Refa juu ya mkokoteni. Mfupa ulijiunga vibaya. Haukupita muda watu wa Kamanda wakaonekana hata huko, wakiulizia mwanamume kilema mwenye sikio lililopasuka. Tukakubaliana wanaume wawili tuendelee mbele, tupate hifadhi, halafu dada na watoto wafuate. Haya ndiyo yalikuwa makubaliano, na safari yote iliyobaki marehemu aliifanya kwa ajili ya dada na watoto. Kwenye uzio wa mwisho walinzi walitufungulia mbwa. Msafiri mwenzetu aliyekuwa mbele yetu aliraruliwa shingo na kufa na mkono wake umeshika waya. Refa walimpiga virungu juu ya mguu uleule, maana walishaona ndio unaouma. Tuliingia nchi hii mwanzoni mwa 2018, tukapewa vitanda viwili kwenye bweni la waombaji hifadhi.

Mahojiano yake yalikuwa Machi 2019. Afisa alikuwa mtu mpole, alimpa maji ya kunywa. Akamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba alikosea, ili aepuke madhara. Refa akajibu kwamba hakukosea. Afisa akauliza kama ni kweli watu waliuawa kwa sababu ya mchezo wa mpira. Refa akasema ndiyo. Jibu lilipokuja lilisema kwamba huo ulikuwa ugomvi wa michezo, si mateso ya kumfanya mtu ahitaji hifadhi, na kwamba angeweza kuhamia mji mwingine wa kwao. Ombi limekataliwa. Ana wiki mbili za kukata rufaa.

Na mimi nilikataliwa juma hilo hilo. Nilipiga meza, nikamtukana mkalimani, nikakata rufaa siku ileile, ikakataliwa, nikakata nyingine. Mnanijua. Shemeji yangu alikikunja kile kikaratasi vizuri, akakitia mfukoni, akaendelea kung'arisha viatu vyake.

"Shemeji, tia sahihi hapa," nikamwambia. "Nimeshakujazia."

"Uamuzi umeshatoka."

"Umetoka mbovu!"

"Kila mchezaji niliyemtoa alisema hivyo hivyo. Wewe wa kwanza."

"Hii si mechi, shemeji. Huyu mtu hajui hata mji wetu uko upande gani."

"Ukimbishia mwamuzi, wewe ndiye unayevunja mchezo," akasema. "Mimi nimewaadhibu watu miaka kumi na minne kwa jambo hili. Leo nilifanye mwenyewe kwa sababu limenigusa?"

Nilimkaba shati. Nilimwambia dada yangu hakuolewa na jiwe. Alisubiri nimalize, kisha akaniondoa mikono taratibu. Wiki mbili zikapita. Niseme wazi: mtu aliyekubali kuvunjwa mguu ili asibadilishe neno lake, ndiye huyohuyo aliyeona haramu kumtaka mwingine abadilishe lake. Kosa kama hilo sijawahi kuliona kwa mtu mwingine, na Mungu anisamehe, nilimchukia kwa hilo.

Siku muda wake ulipokwisha walikuja kumtoa bweni. Hakuleta ubishi, lakini mguu ulimchelewesha kwenye ngazi, na walinzi wawili wakamburuta, kichwa kikagonga kila ngazi. Aliyekuwa mlangoni ni mlinzi yule ambaye Refa alimshonea kiatu juma lililotangulia. Yuko hapa leo, amesimama kule nyuma. Amelia, na mimi sijamwambia alie wala anyamaze.

Ndipo marehemu akaingia maisha ya chini ya daraja la reli. Aliambiwa haruhusiwi kufanya kazi, naye hakufanya. Wenzetu wangapi wamekula kwa kubeba zege na kuosha vyombo kwa kificho! Yeye alikula kilichotupwa nyuma ya maduka, mpaka wenye maduka walipoanza kukimwagia dawa ya kufanyia usafi ili watu kama yeye wasikile. Alitapika damu siku nzima. Hata hivyo alishona viatu vya wote waliolala pale, bure, kwa sindano aliyoichonga kwa waya wa baiskeli. Nikamuuliza, hiyo si kazi? Akasema bila malipo si kazi, ni mikono tu inawasha. Polisi walikuja mara kwa mara kuchoma magodoro. Kuna aliyepigwa hapo mpaka akapoteza jicho. Kuna dada mmoja alijifungulia pale juu ya maboksi, na mtoto hakuliona jua.

Mwaka 2021, rufaa yangu ya tatu ikakubaliwa. Mimi wa kelele nikapewa hifadhi, kwa kisa kilekile, moto uleule. Nikapata chumba, nikamleta shemeji. Alikaa mpaka alipouona mkataba wa nyumba ukutani, unaosema mpangaji ni mmoja, na mgeni haruhusiwi kulala. "Watakufukuza," akasema. "Acha wanifukuze," nikasema. Niliporudi kutoka kazini jioni nilikuta ametandika kitanda, amefagia, ameondoka. Nilikwenda kumtukana hadi darajani, na akanitengea nafasi ya kukaa kwenye boksi lake.

Mguu ulianza kuoza mwaka jana. Usaha ulitoka kwenye ule mfupa wa zamani, na homa ikamshika. Nilimpeleka zahanati, dirishani wakataka kadi ya matibabu. Hana. Wakasema akizidiwa kabisa ndipo aletwe. Nikauliza kuzidiwa kunapimwaje, wakamwita mlinzi anitoe.

Novemba dada alimpigia simu. Nilikuwepo, nilimshikia simu mwenyewe kwa kuwa homa ilikuwa imemchosha. Dada hakulia. Alimuuliza, "Baba watoto, ile nusu fainali ulifuta goli kwa nini?"

"Mwenzangu aliinua kibendera."

"Na ungemdharau?"

"Hapana. Alikuwa karibu kuliko mimi."

"Basi mimi pia nilikuwa karibu. Nilishika shoka. Nilinusa nywele za yule kijana zikiungua. Yule afisa alikuwa wapi? Nasema uamuzi wake si sahihi."

"Mama watoto, uamuzi ulitoka zamani. Mpira ulishaanza."

"Umeanza wapi?" dada akasema. "Wewe uko chini ya daraja, mimi niko kwa shangazi na watoto wasio na baba. Nani anacheza? Mpira haujaanza. Na mimi nimeinua kibendera. Utanitazama, au utanigeuzia mgongo?"

Shemeji yangu, ambaye hakulia wakati wa nyundo, alilia pale mpaka watu wa boksi la pili wakaja kuuliza nani amekufa. Kesho yake alikuja kazini kwangu akichechemea, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Shemeji, dada yako ameinua kibendera. Nitafutie wakili."

Tulimpata mwanamke mmoja anayejitolea. Ndiye huyo mwenye miwani. Alifungua ombi jipya mwezi Januari. Refa alisimulia upya kila kitu, na mwishoni akasema maneno ambayo nilidhani sitayasikia kinywani mwake: "Waambie wamekosea." Akarudia, kwa sauti, kama anayejifunza kutamka. "Wamekosea." Nilimpiga mgongoni kwa furaha mpaka akakohoa. Tukaanza kusubiri.

Tarehe 11 Februari 2023, jioni, watu bado wanatoka kazini, walikuja vijana chini ya daraja na vyuma na chupa ya petroli. Si mara yao ya kwanza. Walianza na mzee mmoja aliyekuwa amelala, wakamwagia godoro, wakawa wanampiga mateke. Mama Chupa, jirani yake wa pale darajani, alikuwepo, anapanga chupa zake za kuuza, na ameniomba nisome alivyoniambia, bila kuongeza kitu:

"Refa alikuwa ameegemea nguzo, mguu hauwezi. Nilimwona anatoa kipenga shingoni. Akapiga. Jamani, kile kipenga! Wakasimama wote. Mmoja mguu ulikuwa bado uko juu, akaushusha. Wanamtazama Refa, wanangoja kama atasema nini. Mimi nikamkamata mzee kwapani nikamburuta, wengine wakakimbia. Refa anawatazama tu wale watoto, mkono uko kwenye mfuko wa shati. Halafu mmoja akacheka. Ndiyo wakamrukia yeye."

Walimpiga vyuma kifuani na kichwani. Mbavu ziliingia kwenye mapafu. Kipenga walimsukumia kooni kwa kisigino, madaktari wakakitoa baadaye. Safari hii dirishani hakuna aliyeuliza kadi; alikuwa amezidiwa vya kutosha. Nilimkuta bado ana fahamu, hawezi kusema. Niliona anahangaika na mkono, nikadhani anataka maji. Alikuwa anatafuta mfuko, na lile shuka la hospitali halina mfuko. Alifariki tarehe 13 Februari, alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye wangu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume, ambao hawajamwona tangu alipowaaga kwa shangazi. Ameacha shangazi wa mkewe, mama yake Kibendera aliyemwita mama, na mimi shemeji yake. Ameacha mzee wa godoro, ambaye yupo hapa na amevaa viatu alivyoshonewa naye. Na amemwacha Mama Chupa, ambaye hana undugu naye wowote na ndiye aliyemwosha uso.

Jana wakili ameniambia kwamba mwombaji akifa, ombi hufungwa. Ameniambia kwa huruma, na ameshika mkono wangu. Nimemjibu kwamba sikubali. Kibendera cha dada yangu bado kiko juu na hakuna aliyekuja kumuuliza ameona nini. Watoto wale wanahitaji mahali pa kulala ambapo hakuna mtu wa Kamanda, na kesho asubuhi nitakuwa dirishani kuomba kwa jina lao. Nitapiga meza. Wakinitoa, nitarudi.

Na sasa nageuka kwako, shemeji. Dada, niwie radhi, ni neno moja tu. Nimekutia shati jeupe lenye mfuko, ile kadi yako nyekundu imo ndani, na watu wote hawa wamenyamaza. Nasema mbele yao: kile kiwiko hakikuwa kosa la kadi nyekundu. Sikukubali siku ile na leo sikubali. Kama unabisha, gusa mfuko.

Gusa basi, shemeji.

Mungu akupe mahali pa kukaa, asiwepo wa kukutoa.